Kunja Godoro, Twende Nyumbani

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipanga chumba Mafinga pamoja na rafiki yangu niliyesoma naye tangu shule ya msingi. Kijiji chetu kilikuwa mbali, ng'ambo ya msitu wa misonobari, na shule yetu ya kata haikuwa na bweni. Wanafunzi wengi wa vijijini tuliishi hivyo. Mzazi anakuja na unga na maharage, anazungumza na mwenye nyumba, anaondoka. Chumba chetu kilikuwa cha mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki kiwandani mbao zikishapasuliwa. Asubuhi ukungu uliingia kupitia nyufa mpaka ndani, na sisi tulilala na sweta zetu za shule.

Baridi tuliizoea. Wanaume waliogonga mlango hatukuwazoea. Wengine walikuwa matingo, wale wasaidizi wa madereva wa malori ya mbao, wengine majirani kabisa, watu tuliowaamkia barabarani. Tulisukuma meza mlangoni, tukanyamaza mpaka waondoke.

Hata hivyo maneno yalifika kijijini kwamba rafiki yangu ameonekana na mwanaume. Hayakuwa ya kweli. Baba yake alikuja Jumamosi moja mchana, amevaa viatu vyake vya kanisani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa sauti nzito na anayeheshimika. Hakuuliza lolote. Nilipojaribu kumweleza, aliniambia mambo ya familia yao hayamhusu mtoto wa watu. Rafiki yangu alipakia vitu vyake huku machozi yakimtoka, shule akawa ameiacha, na chumba nikabaki nacho peke yangu.

Mwaka huo huo, mahafali ya wenzetu wa kidato cha nne yalipokaribia, mwalimu wetu wa Kiswahili alituita wanafunzi wa klabu ya maigizo. Alikuwa dada mdogo tu, mwenyeji wa Kyela, hajamaliza hata mwaka pale shuleni. Kila mwaka klabu ilitoa ngonjera ya kumshukuru mgeni rasmi, kisha mkuu wa shule, kisha wazazi. Alituambia kwamba ngonjera ya aina hiyo haimwambii mtu jambo asilolijua. Akatuuliza, kama wazazi wangelazimika kukaa na kutusikiliza, tungewaambia nini. Halafu nikasikia sauti yangu inasimulia habari za chumba. Nilipomaliza, alisema niandike.

Niliandika wiki nzima na nilijiona nimeweza. Baba katika igizo langu alisimama katikati ya jukwaa na kumwita bintiye mtoto aliyelitia doa jina tukufu la ukoo. Mwalimu alisoma, akaweka karatasi mezani.

"Baba wa rafiki yako aliongea hivi?"

"Hapana, mwalimu."

"Alisemaje?"

"Alisema, kunja godoro, twende nyumbani."

"Basi andika hivyo."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyingine. Kila mmoja alileta maneno aliyoyasikia kwa masikio yake. Mvulana aliyeishi kwa mjomba wake karibu na kiwanda cha mbao alimtunga mwenye nyumba, mwanamume anayesalimia "kamwene" kwa upole wote, kisha anakataa kutengeneza kitasa. Tulichanganya Kihehe na Kibena kama tunavyoongea tukiwa nyumbani. Baadhi ya wenzetu walicheka wakasema tutaonekana washamba mbele ya wageni. Mwalimu aliwajibu kwamba Kiswahili chake mwenyewe kina Kinyakyusa ndani, na serikali imempa kazi ya kukifundisha.

Mkuu wa shule alisikia tunachofanya, akaja mazoezini bila kuarifu. Alikaa nyuma kabisa ndani ya bwalo, ameshika funguo zake. Tulipofika mwisho aliuliza kama hatuwezi kumwondoa yule baba, kwa sababu wazazi watajisikia vibaya. Mwalimu alitaka kujibu, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Mwalimu, tukimwondoa baba hakuna kilichotokea."

Mkuu alitia funguo zake mfukoni, akatoka. Tulijua igizo limekufa. Kesho yake ratiba ya mahafali ilibandikwa ubaoni, na igizo halikuwekwa baada ya chakula, wakati watu wanapoanza kuondoka. Lilikuwa kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Mkuu wa shule ndiye aliyelipanga pale.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na upepo mkali. Tulisimamisha mabanzi machache uwanjani, mbele ya meza kuu, yawe ukuta wetu. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, na tungekipokezana maneno yangekatika, kwa hiyo tulikiacha mezani. Mwalimu alituambia tuongee na mama aliyekaa mstari wa mwisho kabisa. Mimi nilicheza nafasi ya rafiki yangu. Baba yake nilimwona nilipokuwa naingia. Alikuja kwa ajili ya mtoto wa kaka yake aliyekuwa anahitimu.

Mwanzoni watu walicheka sana. Walimjua yule mwenye nyumba, kila mmoja alikuwa na wake. Mlango ulipogongwa mara ya kwanza walicheka bado. Ulipogongwa tena, kicheko kikapungua, na nilipoisukuma meza, turubai lililowafunika wageni lilisikika likipigwa na upepo. Kisha mvulana aliyecheza baba akaingia, akasema bila kupaza sauti, "Kunja godoro. Twende nyumbani."

Nikainama kukunja. Hapo mama mmoja alisimama katikati ya wazazi.

"Binti, usikunje," alisema. "Na wewe baba, muulize kwanza mtoto."

Hayo hatukuyaandika. Mvulana alimgeukia yule mama, akanigeukia mimi. Kisha akaketi chini pale pale kwenye godoro na kuniuliza, "Haya mwanangu, ilikuwaje?"

Nikamweleza. Nilisema kila kitu nilichokatazwa kusema Jumamosi ile, kwa sauti ya kumfikia mama wa mstari wa mwisho, na hakuna aliyenikatiza. Watu walipiga makofi wamesimama. Mgeni rasmi alikunja hotuba yake akaiweka mfukoni, akaanza kuwauliza wazazi kuhusu bweni.

Baba wa rafiki yangu alinifuata nyuma ya bwalo. Nilimwamkia. Aliitikia huku akifungua na kufunga kifungo cha koti. Kisha akaniuliza kama yale ni ya kweli. Nilimjibu kuwa ni ya kweli, nilikuwepo.

"Jumatatu nitamleta," alisema.

Na Jumatatu alimleta, na godoro kichwani alilibeba yeye mwenyewe. Bweni lilianza kwa mbao walizochangia wazazi wenye mashamba ya miti, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga misumari ya kenchi za paa. Mwaka uliofuata tulihamia humo, milango ikiwa na makomeo ya chuma kwa ndani.

Mwaka huo huo shule moja ya Uyole ilitualika tukaigize kwao. Nafasi yangu nilimwachia mwenyewe. Rafiki yangu alicheza maisha yake mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi wa Mbeya, na mimi nilikaa nao, nikimsikia anavyotamka kila neno bila haraka. Tulipomaliza, wasichana watatu wa pale walipanda jukwaani bila kuitwa. Waliomba mabanzi yetu yasiondolewe kwanza. Walitaka kuonyesha ya kwao, ya barabara kuu na malori yanayolala pale sokoni, na walianza hapo hapo, sisi bado tumeshika mikono ya wenyeji tunapongezwa. Tulikaa chini kuwasikiliza.