Tangi Lililonyimwa Pumzi

Gerejini walimwita Fundi Halivuji, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila akimaliza kuchomelea tangi la mafuta, alilipiga kofi na kutangaza, "Halivuji!" Mwanamke huyu hakujua kujishusha. Kazi yake ilikuwa safi, na kusema hivyo hakuona dhambi.

Basi mdogo wake wa kike aliporefusha bodi ya pikapu yake ya kubebea maziwa, dada mtu akamtengenezea tangi jipya la dizeli, kubwa kuliko la zamani. Kifuniko akakiwekea mpira mnene, isipotee hata harufu. Ndipo balaa likaanza. Kila pikapu ikipanda kilima kilicho mbele ya gereji, inakohoa, inazima. Wakabadilisha chujio, wakabadilisha pampu, wapi! Maziwa yakachachia njiani, na hoteli iliyoyanunua ikaonya kwamba yakichelewa tena, itatafuta muuzaji mwingine.

"Dada, nitawalisha nini wanangu?" mdogo mtu alilia.

Siku moja pikapu ilipozima tena, Halivuji akapanda kilima kwa miguu, akafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa pupa, na ubavu wa tangi uliobonyea ukarudi kwa kishindo. Ndipo akaelewa. Mafuta yalikuwa yakitoka, lakini hewa haikupata pa kuingilia kushika nafasi yake.

"Si pampu," alisema. "Ni mimi. Nimeliziba mno."

Wakaikokota pikapu hadi gerejini. Akamwaga dizeli yote, akaliosha tangi na kulijaza maji hadi karibu na juu, moto usije ukaleta mlipuko. Kisha akalitoboa kwa juu, akachomelea bomba jembamba la kupumulia. Bomba hilo akalipandisha nyuma ya kichwa cha gari, mdomo akaukunja utazame chini ili mvua na vumbi visiingie.

Asubuhi, maji yakiwa yameshamwagwa na tangi limekaushwa na kutiwa dizeli, pikapu ikapanda na shehena yake. Ilipofika pale kilimani ilipozoea kuzima, gereji nzima ilitoka nje kutazama. Injini haikukohoa. Honi ndefu ikalia kutoka kileleni, na fundi machozi ya furaha yakamtoka mbele za watu.

"Fundi mzima unatoboa tangi lako mwenyewe!" fundi rangi akamtania.

"Tena nimelitoboa vizuri," alijibu, kichwa juu. Papo hapo akatoa simu, akampigia dereva wa lori ambaye pia alimtengenezea tangi lenye kifuniko kama kile.

"Kaka, lile tangi nililojisifia kwako, nililikosea. Lilete leo nilitoboe."