Chatu wa Jikoni kwa Nwanyieke

Nwanyieke hakupiga yowe alipomkuta chatu wake kapondwa kichwa. Alitua beseni la mihogo, akamtazama mwanawe Okwudili aliyesimama na mchi mkononi.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, Mama. Mchumba wangu kaingia jikoni, kakuta hili lijoka limejikunja kwenye kuni. Kidogo azimie! Kakimbilia kwao."

Lijoka! Bora angemtukana yeye mwenyewe. Chatu yule kaishi jikoni mle miaka nenda miaka rudi, analala juu ya kuni, anakula panya, hamgusi mtu. Nwanyieke alimwita Bi Mkubwa. Akimkuta kalala mlangoni, alimwinua kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akamweka kando. Ndivyo wafanyavyo watu wote wa mto Idemili, ambako chatu huheshimiwa na kuzikwa kama mtu, na mchumba mgeni hana kosa kwa kutojua. Lakini huyu mzaliwa! Kwenda mjini Onitsha kuuza vipuri vya pikipiki tu, keshajiona mjanja wa dunia.

"Basi utamzika," Nwanyieke alisema. "Kwa jeneza na sanda, kama mtu. Aliyeua ndiye azikaye."

Okwudili akacheka. Alicheka, jamani!

"Mama, mimi nimeokoka. Nizike nyoka?"

"Umeokoka peke yako? Mimi naimba kwaya tangu wewe hujaota meno! Mchungaji wetu akimkuta chatu kabatini juu ya kanzu zake, hungoja ajiondokee ndipo avae. Wewe umeokoka kumshinda mchungaji?"

"Kesho tunapeleka tembo la posa kwa wakwe, Mama. Sina muda wa mambo ya kizamani."

"Muda wa kuua ulikuwa nao!"

Habari haikukaa. Jioni akaja Anizoba, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Okwudili, ndiye msemaji wa kesho kwa wakwe. Akasimama nje ya lango, hakutia mguu ndani.

"Okwudili! Nasikia una maiti uani."

"Baba mkubwa, ni nyoka tu..."

"Koma! Sisi hatuendi kuposa na mtu mwenye maiti haijazikwa. Zika, la sivyo kesho nenda ukaposewe na mbwa wako."

Hapo ndipo kijana alipotafuta jembe. Si kwa majuto, la hasha, ni kwa kuogopa kukosa mke. Akachimba nyuma ya jiko huku akinung'unika, akaleta sanduku la mbao lililokuja na vipuri. Nwanyieke alisimama kando yake.

"Sanda iko wapi?"

"Ah, Mama! Sanduku likishapigiliwa, nani ataona ndani?"

Nwanyieke aliingia ndani, akatoka na doti ya kitambaa chekundu cha nakshi, mpya, mikunjo ya dukani bado ipo. Alikinunua kwa ajili ya siku ya kumposea mwanawe, na hakuwahi kukijaribu hata mbele ya kioo.

"Mama! Hicho si cha kesho?"

Alipiga magoti, akamviringisha Bi Mkubwa kuanzia kichwa kile kilichopondwa hadi mkiani, akakaza, akamlaza sandukuni. Kisha akaangua kilio. Majirani wakaruka ua kuja kulia naye, maana mfiwa haachwi peke yake.

Okwudili akafukia haraka haraka, akapangusa viatu, akamgeukia Anizoba.

"Sasa tutakwenda?"

"Tutakwenda. Umezika."

Kijana akashusha pumzi. Akamwendea mamake, aliyekwisha kutandika mkeka chini na kujifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Yamekwisha basi, Mama. Kapumzike. Asubuhi nitakuja kukuamsha mapema, tusichelewe."

"Uniamshe niende wapi?" Nwanyieke alimkata, sauti imemkauka kwa kilio na kwa hasira. "Mimi nimefiwa. Mfiwa haendi kwenye posa. Nenda na wazee wako, na wakwe zako wakiuliza mama yuko wapi, waambie wewe mwenyewe."