Kurasa Zilizopakwa Gundi

Nilizipasua kurasa zile kwa kucha zangu, mbele ya Mwalimu na mbele ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakifanya hesabu kwenye meza ya pili. Mwalimu akasimama, miwani mkononi, akaniambia nimeharibu mali ya kanisa.

"Wewe uliiharibu kwanza," nikamwambia. "Mimi namalizia tu."

Binti yangu alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa leso. Alikuwa na miezi kumi na moja na hakuwa amekaa hata siku moja. Ukimweka kwenye mkeka anaegemea upande, anaanguka polepole, halafu anakutazama kutoka pale chini. Ukimwinua kwa makwapa, miguu inakazana na kupishana kama makasi. Mama mkwe wangu, ambaye niliishi naye nje kidogo ya mji wa Kakamega, alisema watoto wa kwao wanachelewanga. "Hata baba yake alikuwanga hivi. Sasa si unamuona anakata miwa huko Ekero? Wacha kumtafutia mtoto magonjwa."

Lakini yeye hakuwa wodini siku nilipojifungua. Mtoto hakulia. Walimpigapiga, wakamfunika, wakatoka naye, nami nikabaki nimelala nikisikiliza mlango. Walipomrudisha hakuna aliyenieleza kitu, na mimi kwa furaha ya kumwona hai sikuuliza.

Kliniki nesi alimpima uzito akafurahi. Nikasema mtoto hakai. Akasema atakaa. Mwezi uliofuata nikarudia, nikaomba tumwone daktari, maana bila karatasi ya nesi daktari humwoni. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye sandali.

"Kwani wewe mama umesomea udaktari wapi?"

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema huyu kazaa mmoja tu, tayari anataka kufundisha manesi.

Nikajiambia, sawa, nitasoma. Nitarudi na maneno ambayo hataweza kuyacheka. Kidato cha nne nilimaliza, na biolojia nilipita, ingawa mwalimu wetu alipofika kwenye sura ya uzazi alikifunga kitabu akatuambia hiyo tutaisoma tukiolewa. Basi nilikuwa nimeolewa.

Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na chumba cha kusomea. Daktari mmoja Mzungu, aliporudi kwao, alikiachia vitabu vyake vya uzazi na ukuaji wa mtoto tangu tumboni. Mwalimu, mzee mstaafu aliyekitunza chumba, alivifungia kabatini. Mara ya kwanza aliniambia ufunguo uko nyumbani. Nikarudi, akaniuliza kama mume wangu anajua ninachotaka kusoma. Nilimsumbua hadi akachoka, akanipa kimoja, kwa sharti nikisomee palepale machoni pake.

Kiingereza cha kitabu kile kilikuwa kigumu lakini nilienda nacho. Nikafika kwenye mimba: kurasa zimeshikana. Kuzaliwa: zimeshikana. Nikadhani ni unyevu, maana mvua yetu ya alasiri haiachi kitu kikavu. Halafu nikaona alama za brashi pembeni, zimenyooka vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka. Sehemu niliyoitaka, ya mtoto wa miezi sita hadi mwaka, nayo ilikuwa imegandishwa.

Nikamuuliza. Hakuficha. Alisema vijana wanakuja pale kusoma, na picha zile hazifai. Nikamwambia sitaki picha. Akasema nyuma ya ukurasa huo kuna mtoto wa kiume amesimama uchi, anapimwa urefu. Mtoto wa mwaka mmoja. Ndiyo hatari aliyokuwa akiwalinda nayo vijana wetu.

"Mama, haya mambo ni ya madaktari," akasema, tena kwa upole. "Wewe mwombee mtoto, umpe uji wa wimbi."

Ndipo nikaingiza kucha.

Karatasi ilitoka vipandevipande. Nilipata nusu ya sentensi: mtoto ambaye hajaweza kukaa kufikia umri huu, hasa yule ambaye hakulia alipozaliwa, apelekwe. Apelekwe wapi? Kwa nani? Upesi kiasi gani? Nilikwangua kwa mate, nikakwangua hadi karatasi ikatoboka. Wanafunzi walikuwa wameacha hesabu. Nililia pale mbele yao na sikujali.

Kesho yake nikaenda ofisi ya kanisa. Karani aliniambia mambo kama hayo huzungumzwa tu na mchungaji, hayaandikwi. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni nikaandika, nikangoja hadi akagonga muhuri.

"Kwa Halmashauri ya Kanisa. Ninalalamika rasmi kwamba mtunzaji wa chumba cha kusomea alipaka gundi kurasa za kitabu cha ukuaji wa watoto, nami sikuweza kusoma ninachopaswa kumfanyia mtoto wangu. Kurasa nilizipasua mimi, sikatai, na adhabu yake mtanipa baadaye. Siombi kuombewa. Naomba Mwalimu mwenyewe aende nami kliniki Jumatatu, asimame mbele ya nesi, aseme kwamba mtoto huyu aonwe na daktari. Mimi nimesema mara mbili nikachekwa. Yeye hawatamcheka. Kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nitakuwa langoni na mtoto kabla ya hapo."