Mkwaju Ambao Haupo

Hapana, shemeji, usinikatize. Mtaa wetu haukuwapoteza washenga wako. Uliwalisha. Kila Idi ukija na hadithi yako ya "mtaa usiojulikana hata na wenyewe" nitakujibu hivihivi mpaka ukome, kwa sababu siku ile niliyetembea ni mimi. Wewe ulikuwa Mikumi umeshika simu.

Wageni walikuwa watatu, mzee mmoja mshenga na shangazi zako wawili, wanakuja Kilosa na basi la asubuhi kumposa dada yangu. Mjomba akajitia kuwaelekeza kwa simu. "Mkishuka stendi nyoosheni mpaka kwenye mkwaju. Kateni kushoto. Mtakuta mashine ya kusaga, mbele kidogo geti la bluu. Mmefika."

Hakuna aliyeshtuka nyumbani. Hata mimi. Mkwaju ulishakatwa, mashine ilishahamia upande wa sokoni, na geti letu la bluu lilichukuliwa na mto siku Mkondoa ulipoingia mpaka jikoni. Ila sisi bado tunavipita kila siku kama vile vipo.

Adhuhuri ikapita. Kuku wamepoa, simu ya mshenga haipatikani. Dada kakaa chumbani na kitenge chake kipya, kimya, na huyo dada unamjua, kimya siyo chake. Mama akanong'ona kwamba labda wameghairi. Alidhani hasikiki. Dada akanyanyua uso akaniambia, "Nenda kawatafute. Na usirudi umegombana na mtu."

Nikaenda mpaka stendi, nikageuka, nikaanza kurudi kwetu kwa maelekezo ya mjomba, kama mgeni. Kwenye kona nikamkuta bodaboda ninayemfahamu, kajilaza juu ya pikipiki yake.

"Umeona mzee na wamama wawili wana kikapu?"

"Wamepita. Waliulizia mkwaju."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaonyesha."

"Umewaonyesha nini na mkwaju haupo?"

"Pale ulipokuwa. Sasa ulitaka niwaonyeshe wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nikamkumbuka dada, nikameza.

Nikakata kushoto, nikaingia kichochoro ambacho, wallahi, nimezaliwa jirani yake na sijawahi kukipita. Sisi vijana tunashika njia kubwa. Kumbe nyuma ya zile kota za zamani za reli watu wamelima bamia mpaka ukutani! Bata wanaoga kwenye sinki bovu. Fundi cherehani kajiegeshea bati moja juu ya kichwa, anashona sare za shule huku anabishana na redio, na redio inashinda. Huu ni mtaa wangu jamani, na naukodolea macho kama mtalii.

Na kila baraza lina mzee, na mzee hapitwi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikamtajia baba.

"Aa! Kumbe ndiye wewe uliyemrushia mwenzako kandambili msikitini."

"Nilikuwa mdogo, babu. Wageni wangu umewaona?"

"Wamepita. Wana adabu kuliko wewe."

Mbele nikamkuta mama muuza maandazi. Huyo ndiye aliyewapa viti wapumzike, akawaambia kwenye mashine ndiyo hapa.

"Mama, hapa unauza maandazi!"

"Ilikuwa hapa. Na geti la bluu lile pale mbele. Nimewaelekeza vizuri, usinikaripie."

Kweli, geti la bluu lilikuwepo. Jipya, linang'aa. Siyo letu.

Nikasukuma. Ndani kuna mkeka, sinia la pilau limebaki mifupa, na wageni wetu wananawa mikono. Unajua kwetu, mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Basi adabu imewafunga mdomo pande zote mbili, hakuna aliyeuliza hata moja. Na mbaya zaidi, mwenye nyumba ana binti, kasimama mlangoni na birika, na mshenga anakohoa kidogo, anajiweka sawa.

"Sisi, mzee mwenzangu, tumekuja kwa jambo la heri kuhusu binti yenu..."

"Mzee, usimalizie!" Nilipiga kelele mpaka birika likaanguka.

Mwenye nyumba akanitazama, akasema taratibu, "Marahaba."

Hapo ndipo nikakumbuka sijaamkia mtu.

Nikaomba radhi, nikaeleza. Mwenye nyumba akamgeukia mkewe. "Mimi nilijua ni ndugu zako."

"Na mimi nilijua ni wa kwako! Nikaongeza nyama!"

Yule binti alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye nyumba akavaa viatu, akatusindikiza mwenyewe mpaka kwetu, na njia nzima watu wa barazani wanauliza, "Umewapata?" Tulipofika tulikuwa msafara, na fundi cherehani yumo.

Dada alichungulia dirishani akaona wageni wako, akakaa tena harakaharaka ili asionekane alikuwa amesimama. Shangazi zako wakala kuku wetu juu ya pilau la watu, hawakukataa hata paja. Mshenga alipomaliza akamwambia mama eti kule kwa kwanza iliki ilikolea zaidi. Kisha akaposa, na safari hii sikumkatiza.

Ndiyo, shemeji, mjomba bado anaelekeza kwa mkwaju, na kibao cha njia unachotaka tuweke hatuweki. Na wewe unayesoma huku unacheka, wageni wakipotea mtaani kwenu, watakula kwa nani?