Mlio wa Sikio la Kushoto

Mama yangu alianza kupoteza usikivu akiwa na umri nilio nao sasa. Alitwambia kuna mbu sikioni, tukammulika kwa tochi, hatukuona kitu. Baada ya miaka michache ilibidi tumguse bega ndipo ageuke.

Kwa hiyo siku niliposikia mlio katikati ya wimbo, kanisani kwetu Cibitoke, nilijiambia zamu yangu imefika. Ulikuwa kama mafuta yanayokaanga kitu chumba cha pili, kisha krrr, kisha kimya. Niliendelea kuimba.

Bendi yetu ilikuwa imenunua visikizi visivyo na waya katika duka moja la mtaa wa Asiatique. Sisi wanne, kila mmoja alikuwa na kisanduku chake cha kurusha sauti na kipokezi kidogo cha kufunga kiunoni. Mimi nilivaa upande wa kushoto tu, ili sikio la kulia lisikie waumini. Wenzangu hawakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Nyumbani nilijifungia chooni nisikilize. Naapa niliusikia hata humo.

Nilificha wiki tatu. Halafu nikakosa kuingia kwenye kiitikio, mara mbili, na kiongozi wetu, anayepiga kinanda, akaniuliza nina nini. Nikasema kifaa kinapiga kelele. Akamwita fundi wa sono, yaani mitambo ya sauti, anayetoka Uvira, yule anayevuka mpaka wa Gatumba kila akipata kazi huku. Alikuja Jumamosi mchana, tukiwa kwenye mazoezi.

"Imba kidogo, dada," aliniambia.

Niliimba, mlio ukaja. Nikaonyesha sikio kwa kidole. Alikichukua kisikizi, akakifuta kwa shati, akakivaa mwenyewe na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mi sisikii kitu. Iko safi."

Wote waliniangalia. Nikasema naenda kunywa maji.

Nje nilisimama karibu na ukuta nikasugua vidole viwili kando ya sikio la kulia, halafu la kushoto, halafu tena la kulia, nikijaribu kujua kama yanalingana. Nilikuwa tayari nawaza nitawaambiaje watoto.

"Dada! Rudi! Na mi nausikia!"

Niliporudi ndani, fundi alikuwa bado amevaa kisikizi changu. Alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, mikono juu.

"Kila mutu abaki pale aliko! Nani amegusa kitu sasa hivi?"

Mpiga ngoma aliinua simu yake polepole. Mara tu nilipomaliza kuimba, alikuwa amechomoa kisanduku chake kwenye umeme ili achaji simu, na sasa alikuwa amekirudisha.

"Chomoa," fundi alisema. "Sawa. Chomeka." Akakunja uso. "We wa kinanda, zima ya kwako." Akasikiliza. "Imekwisha. Washa. Ee, imerudi."

Akanigeukia. "Hizi mbili zikiwaka pamoja zinazaa mulio wa tatu, na ule unaangukia kwenye masafa yako. Mumepanga masafa yote kwa hatua sawa sawa, tena visanduku mumezibebanisha, moja juu ya ingine. Ndiyo shida."

Aliviweka visanduku mbali mbali, akavichagulia masafa upya, kimoja kimoja, hatua zisizolingana, vyote vikiwa vimewashwa. Kisha akanipa kisikizi. Aliniomba niimbe, nikashindwa. Nilisikiliza tu. Hakukuwa na kitu.

Machozi yalinitoka mbele yao. Mpiga ngoma alidhani nimemkasirikia kwa sababu ya simu, akaniomba msamaha mara mbili.

Jumatatu nilikwenda hospitali hata hivyo. Daktari alinivalisha visikizi vikubwa, akanipima, akasema masikio yote mawili yanasikia vizuri kwa sasa. Hilo neno "kwa sasa" lilinikumbusha mama. Nilimwomba arudie kupima la kushoto.