Mishumaa ya Meza ya Watu Kumi na Wawili

Yaya, ndivyo nilivyomwita dada yangu mkubwa, alikuwa akipamba meza za watu. Kazi hiyo ilimfanya ajulikane katika mtaa wetu wa Cibitoke wote na sehemu za mtaa wa Nyakabiga. Alipamba za harusi, za ubatizo, za komunio, lakini zaidi za Noeli. Hakuwa na duka. Alikuwa na meza ya mbao chini ya mabati nyuma ya nyumba yetu, mkasi mmoja, gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe, na mikono yake. Maganda makavu ya mgomba aliyageuza nyota. Karatasi za mifuko ya saruji alizipangusa, akazikunja maua, na niliwahi kumwona mgeni akiinama kuyanusa.

Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi kumi na tisa. Mama aliuza vitenge sokoni tangu asubuhi mpaka jioni. Baba alikufa nikiwa sijajua kusema. Tulikuwa watatu tu.

Mwaka ule mama mmoja wa Nyakabiga, mke wa mfanyakazi wa serikali, aliagiza meza ya Noeli ya watu kumi na wawili. Watoto wake walikuwa wanarudi kutoka Ulaya. Alitaka kila mtu akae mbele ya mshumaa wake, na si ule wa dukani.

“Nitafanya mwenyewe,” yaya akamwambia.

Vipande vya mishumaa tulivipata kwa mzee anayefagia kanisa. Havikutosha. Yaya akasema nta ya nyuki inapatikana Rumonge, kwa watu wanaoshuka nayo kutoka milimani, na kule tuna mama mdogo wa kutulaza. Tukaenda wawili. Siku hizo mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani. Tulisimama barabarani tangu alfajiri mpaka saa tano, na mwishowe tukapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mawese, likiwa na mapipa matupu yaliyogongana njia nzima. Yaya alishika pipa kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kulia. Kila lori liliposimama alishuka, akakimbia ufukweni, akarudi na vijiwe vyeupe katika pindo la kitenge chake.

“Utatutobolea lori, we dada,” dereva akamwambia.

“Basi nitakupambia hii lori bure,” akajibu, na watu wote mle wakacheka.

Tulinunua nta, mikate minne ya rangi ya kahawia iliyofungwa katika majani ya mgomba. Tukala ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga barabarani, za moto, mpaka tukaungua ulimi. Nimesafiri tena baadaye, Uvira, Bukavu, hata Kigoma. Ninapoulizwa safari yangu nzuri, nasema ile. Siongezi neno.

Kuyeyusha nta alinifundisha yeye. Kopo lenye nta linakaa ndani ya sufuria ya maji, na sufuria ndiyo inakaa juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Nta isiguse moto moja kwa moja.

“Ni kama mafuta,” alisema. “Ikishika moto, maji ni adui. Unafunika tu. Umesikia?”

“Nimesikia, yaya.”

Siku mbili kabla ya Noeli, mishumaa saba ilikuwa tayari, imesimama kwenye dirisha katika makopo ya nyanya. Ilikuwa alasiri. Yaya alikuwa upande wa pili wa ua akifua kitambaa cha meza. Mimi nilikaa kwenye mbabula. Nilikuwa na mazoezi ya kwaya saa kumi, na nta ilikuwa inayeyuka polepole, polepole sana. Nikalitoa kopo ndani ya maji, nikaliweka juu ya makaa.

Ilienda haraka, kweli. Nikajisifu moyoni. Kisha moshi mweupe ukatoka, na kabla sijafika na kitambaa cha kulishikia, kopo likawaka.

Yaya aliona. Alikuja mbio na kile kitambaa cha meza mikononi, kikidondoka maji.

“Apana maji!” alipiga kelele. “Mufuniko! Leta mufuniko!”

Mfuniko ulikuwa chini, karibu na mguu wangu. Kikombe cha maji kilikuwa mkononi, sikumbuki nilikichota saa ngapi. Yeye alikuwa ameshainama juu ya mbabula, anakunjua kitambaa ili afunike. Nikamwaga.

Moto ulipanda mpaka mabati. Haukuwa na sauti kubwa, ulikohoa tu. Yaya alikuwa ndani yake.

Majirani ndio waliomfunika. Gari hakuna, mafuta hakuna. Jirani mmoja mwenye baiskeli ya kubeba abiria akamkalisha nyuma, mama mwingine akamshikilia kiuno, mimi nikakimbia pembeni mpaka hospitali kule Kamenge. Yaya hakulia. Alikuwa anarudia jambo moja: “Niangalie macho. Macho yangu iko?” Nami nikimjibu kila mara, iko, yaya, yote mbili iko.

Macho yalibaki. Uso upande wa kulia, shingo, na mkono wa kulia wote uliungua.

Mama alifika akiwa bado na mkoba wake wa sokoni. Akaniuliza imekuwaje. Nikasema, “Kopo lilipasuka lenyewe.” Nilisema hivyo mbele ya kitanda. Yaya alikuwa amefungwa bendeji kichwani, lakini masikio yaliachwa wazi. Alisikia.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli aliniita kwa mkono wa kushoto. Nikainama.

“Nenda upange ile meza,” akanong’ona.

“Yaya, apana. Watu wataelewa.”

“Nimesema nenda.”

Nikaenda Nyakabiga na kikapu. Kitambaa kilikuwa kimeungua, nikakopa cha jirani. Nikatandika, nikapanga nyota, maua, vijiwe vya ziwa katikati kama alivyonionyesha. Ile mishumaa saba niliiacha dirishani, sikuweza kuigusa. Mama mwenye nyumba alikuja kuangalia, amevaa vizuri, ananukia manukato.

“Ni nzuri. Na mishumaa iko wapi?”

“Iliharibika, mama.”

“Ah. Na dada yako mbona hakuja mwenyewe?”

“Anaumwa.”

“Mwambie pole,” akasema, akasogeza kijiwe kimoja kidogo kulia, akarudi jikoni. Sikumlaumu. Angejuaje? Lakini nilipotoka kwenye geti nilikaa chini kando ya ukuta, na mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa.

Noeli tuliila hospitali, wali na maharage kutoka nyumbani. Mama alitandika kanga juu ya kabati dogo la kitanda. Mimi nilikuwa nimebaki na nyota moja ya mgomba, nikaiweka karibu na sahani. Yaya aliigeukia, akaitazama, akasema, “Toa hiyo.” Nikaitoa.

Alikaa hospitali mpaka mvua za masika zikaisha. Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye ndugu zake walikuwa wameshafika kwetu kubisha hodi, na mahari ilikuwa inangoja kupangwa. Alikuja wodini mara tatu. Mara ya tatu alikaa akitazama dirisha. Yaya aliporudi nyumbani akaja shangazi wa yule mwalimu, amebeba fanta na mkate, akamwambia mama, “Kijana bado anajipanga.” Mama akasema asante. Yaya alikuwa chumbani, na pazia letu ni jembamba. Jioni ile alikula chakula chake chote, akaosha sahani kwa mkono mmoja.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilishikana. Mkasi haukukaa tena. Watu waliokuja kuuliza habari za meza walijibiwa na mama mlangoni, mpaka wakaacha kuja.

Mimi ndiye niliyempaka mafuta kwenye makovu kila asubuhi. Siku moja, mwaka umeshapita, nikiwa ninampaka shingoni, akaniuliza bila kugeuka.

“Siku ile ulinisikia?”

Ningeweza kusema sikusikia. Kelele zilikuwepo, hofu ilikuwepo.

“Nilikusikia, yaya.”

“Nilisema apana maji.”

“Ulisema.”

“Na ni wewe ulitoa kopo kwenye maji.”

“Ni mimi.”

“Basi sasa nimejua,” akasema. “Mama usimwambie. Yeye amebakiwa na sisi wawili tu. Akianza kukuangalia vibaya, atabaki na nani?”

Niliahidi. Nikakaa na ahadi ile karibu miaka miwili, na nilikonda nayo. Nililala vibaya, kanisani nikashindwa kuimba. Jumapili moja mama alikuwa anachambua mchele, nikapiga magoti mbele ya ungo na kumwambia yote, tangu kwaya mpaka kikombe. Mama hakunipiga, hakulia. Aliendelea kuchambua, lakini mikono yake ilikuwa inatupa mchele mzuri pamoja na mawe. Tangu siku ile hakuniita tena kwa jina la utoto. Ananisalimia, ananipa chakula, ananiita kama anavyoita watu wa sokoni.

Yaya alipojua, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona, hata siku ya moto.

“Ulikuwa na mzigo wako,” aliniambia. “Mi niliubeba na wewe. Sasa umeutua kwa mama muzee, ndiyo wewe ulale vizuri. Unalala vizuri?”

Ni kweli, nilikuwa ninalala.

Mwezi uliofuata alihama. Alipanga chumba Kamenge, karibu na barabara, anauza vocha za simu na sabuni katika kibanda, amekaa upande ambao kovu linaelekea ukutani. Mimi huenda kila Jumapili baada ya misa. Ananipa kiti. Tunaongea juu ya bei ya sukari, juu ya maji yaliyokatika, juu ya goti la mama. Mafuta anajipaka mwenyewe. Saa kumi na moja ananiambia, “Enda sasa, mama yuko peke yake,” nami ninachukua mkoba wangu na kwenda.