Miezi Minne ya Chumba cha Nyuma

Walimwita Mashavu tangu alipoanza kupuliza tarumbeta, lakini asubuhi ile mashavu yenyewe yalikuwa yamemlegea. Afisa wa kodi angefika saa nne.

Mshahara wa bendi ya hoteli haukuwa na maneno. Ulikatwa kodi kabla haujamfikia. Mirabaha ya nyimbo zake ndiyo iliyokuja mizima, bila kukatwa, akaitolea hesabu mwenyewe, akiruhusiwa kuondoa gharama za kazi. Aliondoa pango la chumba cha nyuma, chumba cha kutungia, mwaka mzima. Na chumbani humo, tangu mwezi wa tisa, alilala shangazi yake aliyevunjika nyonga.

"Tumhamishie kwa jirani, saa moja tu," mkewe alinong'ona. "Pango la mwaka mzima likikataliwa, kinanda chako kitauzwa kulipia kodi. Utatungia nini, mluzi?"

"Anyanyuliwe na nyonga ile?"

"Basi ulimi wako utie breki."

Mlango ukagongwa.

Afisa alikuwa dada mwembamba, mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alipoingia chumba cha nyuma, akatazama trei za mayai zilizogongomelewa ukutani kuzuia sauti. Akatazama kinanda. Kisha kitanda, na shangazi juu yake.

"Fomu inasema hapa ni kazi tupu, miezi kumi na miwili."

Mashavu alimtazama mkewe.

Shangazi akajiinua kwa kiwiko. "Binti, usimsumbue mwanangu. Mimi nimefika jana jioni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa nyonga hii jembe lenyewe silitaki!"

Afisa akatabasamu. Mkewe Mashavu akashusha pumzi.

"Sawa, mama. Nitaandika hivyo, nawe utie sahihi."

Shangazi akanyoosha mkono kupokea kalamu. Macho yake yalikwepa ya mpwawe. Mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya mtu hata bei ya kitunguu.

"Usitie, shangazi." Sauti ilimtoka Mashavu nyembamba, kama tarumbeta yenye mate. "Yupo tangu mwezi wa tisa, dada. Miezi minne hii natungia jikoni."

Mkewe akageukia dirisha.

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Minane inapita, minne inatoka," afisa alisema hatimaye. "Kodi itaongezeka, na faini ipo. Ungesema mlangoni, faini isingekuwapo."

Mkewe alihesabu kwa vidole, akarudia. Kinanda kilikuwa kimepona, kwa upana wa unywele.

"Mjinga wewe," shangazi alimwambia Mashavu, akijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Nilikuwa nishakuokoa."

"Bado tarumbeta," afisa akasema, akigeuza ukurasa. "Umeondoa gharama yake yote kwenye mirabaha. Hotelini unapuliza nini?"

Mashavu akafumba macho. "Hiyo hiyo."

"Basi tukae, tuigawe; sehemu ya hotelini haiondolewi."

"Kaa hapa kitandani, binti," shangazi alisema, akisogeza miguu kwa uchungu. "Viti vyote vilihamia jikoni pamoja na mtunzi."